Aliyejua Bei ya Jumatano

Mtaa mzima ulimwita Mama Bei, na jina hilo hakulipenda hata siku moja. Hakuwa na duka wala genge. Alikuwa mtumishi wa serikali, mchumi katika ile ofisi inayopanga bei ya juu kabisa ambayo mwenye kituo cha mafuta anaruhusiwa kumtoza mteja kwenye pampu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi, redio ilisoma bei mpya za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na bei hizo zilianza kutumika saa kumi jioni ya siku hiyohiyo. Kabla redio haijasoma, watu waliozijua nchini walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mmoja wao aliishi nyumba ya tatu kutoka kwa fundi viatu, na alianika nguo zake kwenye kamba kama watu wengine.

Kazi yenyewe ikielezwa haraka haitishi. Unachukua bei ya mafuta kule yanakonunuliwa, unaongeza nauli ya meli na bima, unageuza fedha za kigeni kuwa za kwenu, unajumlisha kodi na tozo za serikali, unampa muuza jumla chake na mwenye kituo chake, kisha unagawa kwa lita. Mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Kinachotisha ni ile namba ikishapatikana. Wenye vituo wakijua mapema kwamba bei itapanda, wanafunga pampu na kusema mafuta yamekwisha huku matangi yamejaa pomoni, wakisubiri kuuza ghali. Wakijua itashuka, hakuna atakayenunua kwa muuza jumla, na ndani ya siku moja pampu zinakauka kweli na magari ya wagonjwa yanakwama barabarani. Kwa hiyo namba ilifungiwa vinywani mwa watu wanne watano kuanzia Jumatatu mpaka Jumatano, na walikuwa wameapa. Atakayeifungua, mlango wa jela uko wazi.

Mama Bei alikuwa ameibeba namba hiyo kwa miaka tisa, na mwili wake haukuizoea. Ikifika Jumatatu hakukaa tena. Chai alikunywa amesimama. Ofisini alifuta vumbi kwenye mashine ambayo haikuwa na vumbi, na nyumbani alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, akifungua makabati na kuyafunga bila kutoa kitu. Mumewe, mwalimu mstaafu mwenye utani wa chinichini, alikuwa na usemi wake kwa siku hizo. Wageni wakija aliwaambia, "Msimjali, namba imempanda. Jumatano itamshuka."

Mdomo wake aliuweza. Shida ni kwamba watu walimsoma. Waendesha pikipiki wa pale kona walikuwa wataalamu kabisa. Akitoka nyumbani kwa miguu, bei inapanda, anabana matumizi. Akinunua samaki wakubwa, inashuka. Mwaka mmoja aliharisha akashindwa kwenda kazini siku ya Jumanne, na hadi saa sita mchana kulikuwa na foleni ya madumu kwenye kituo cha karibu, eti Mama Bei amejificha kwa aibu ya bei inayokuja. Bei ile haikubadilika hata kidogo, lakini nani alimwomba radhi?

Basi akajifunza kuishi bila kubadilika. Gauni za Jumatatu, Jumanne na Jumatano zilikuwa zilezile mwezi hadi mwezi. Mtungi wa gesi alinunua katikati ya mwezi, uwe umekwisha ama haujakwisha. Gari lake dogo alilitia mafuta kila Jumamosi, nusu tangi, hata kama lilikuwa halijatembea, na alilitia kwenye kituo kilicho upande wa pili wa mji ambako hakuna aliyemjua, au ndivyo alivyodhani. Watu walisema mwanamke huyu ana kiburi, haongei, haonyeshi uso. Kiburi kilikuwepo kidogo, tusidanganyane. Alijua kwamba ofisini wameingia na kutoka watu wengi katika miaka ile tisa, na hakuna siku namba ilivuja kwake.

Kituo ambacho hakukanyaga kabisa kununua mafuta kilikuwa cha mdogo wake.

Huyu alikuwa kitinda mimba wao, mtu wa maneno matamu na kicheko cha karibu, na mtaani kwake walimwita Tajiri kwa kumkejeli, maana kituo chenyewe kilikuwa na pampu mbili, na moja ilikuwa na tabia ya kugoma. Nyuma ya kituo palikuwa na nyumba ya marehemu baba yao. Tajiri aliishi humo na mkewe, na mama yao aliishi nao. Biashara ile haikuwa imemnyookea. Faida anayoachiwa mwenye kituo kwa kila lita ni nyembamba kama ganda la kitunguu, anayeuza nyingi anapona na anayeuza chache anahangaika. Dada yake ndiye aliyekokotoa wembamba wa ganda hilo, naye Tajiri alijua. Hakuwahi kulalamika. Tena, na hili ni la kumheshimu, katika miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza dada yake bei. Kuanzia Jumatatu hadi Jumatano hawakupigiana hata simu. Alikuwa akisema, "Dada yangu siku hizo si dada yangu, ni sanduku la serikali."

Mwezi ninaousema, dunia ilikuwa imevurugika. Bei kule yanakonunuliwa mafuta ilikuwa ikipanda wiki baada ya wiki, na kila mtu mwenye masikio alijua mwezi huu moto utawaka. Mama Bei alifanya hesabu yake na matokeo yalimkata maini. Lakini Jumatatu mchana mkurugenzi alirudi kutoka wizarani akiwa na habari nyingine. Serikali imekubali kuondoa tozo moja kubwa kwa miezi mitatu, na juu ya hapo mfuko wa kufidia bei utafunguliwa kwa mara ya kwanza tangu uanzishwe. Mama Bei alipiga hesabu upya. Bei ilikuwa inashuka, na si kushuka kwa kuchungulia. Ilianguka mpaka ilipokuwa mwaka juzi.

Tozo ile yeye alikuwa ameipigia kelele miaka minne. Alikuwa amesema katika vikao, mbele ya watu waliokuwa wakiangalia saa zao, kwamba inamkamua mwenye kibatari na mpanda basi kabla ya kumgusa mwenye magari matatu. Leo wamesikia. Mkurugenzi alimpa mkono na kusema, "Hii ni yako, mama." Alifurahi hivi kwamba alipoingia chooni alijifungia akacheka peke yake, na alipotoka alikuwa amekunja uso kama kawaida.

Ni furaha hiyo iliyomfanya asifikiri. Jumamosi ile gari lilikuwa kwa fundi, kwa hiyo halikutiwa mafuta. Na alfajiri ya Jumatano alitakiwa kumpeleka mama yao hospitali ya macho iliyokuwa mji mwingine, mwendo wa saa tatu, kwa ajili ya upasuaji waliousubiri tangu mwaka uliopita. Jumatatu jioni akitoka kazini akaenda kwenye kituo chake cha upande wa pili wa mji na kumwambia mhudumu wa pampu, mwanamke mnene mcheshi, "Jaza."

"Nijaze kabisa, mama? Si nusu?"

"Jaza kabisa."

Alikuwa hajui kwamba mwanamke huyo, kabla ya kuajiriwa pale, aliwahi kufanya kazi kwa Tajiri, na kwamba bado walikuwa wakisalimiana kwenye simu. Hakuuza siri kwa ubaya. Alipiga tu simu kumchekesha bosi wake wa zamani: leo dada yako kajaza tangi, lazima dunia inakwisha.

Jumanne saa kumi na moja jioni Mama Bei alifika kwa mdogo wake kumchukua mama, alale kwake ili waondoke mapema. Alikunja kona na kulikuta lori la mafuta limesimama mbele ya pampu, refu, limeziba nusu ya kiwanja. Kwa kawaida Tajiri alinunua mafuta kwa vyumba, yaani chumba kimoja cha lori, mara chache viwili, na vyumba vingine vya lori hilohilo vilikwenda kwa wenzake. Leo mifuniko yote ya lori ilikuwa bado imefungwa lakiri. Lori zima lilikuwa la mtu mmoja.

Tajiri alikuwa amepiga magoti kwenye shimo la tangi la ardhini, akichomoa fimbo ya kupimia. Alipomwona dada yake akainuka, akafuta mikono kwenye suruali na kuja akicheka.

"Shikamoo dada. Karibu. Mama yuko ndani anafunga kimfuko chake tangu asubuhi."

"Marahaba. Hilo lori la nini?"

"La mafuta, dada. Kwani hapa tunauza maziwa?"

"Lote?"

"Lote." Akasogea, akashusha sauti, ingawa dereva wa lori alikuwa hatua chache tu kutoka pale, ameegemea tairi akichokonoa meno. "Niliota ndoto jana. Nimeota gari la mtu fulani limejazwa mpaka shingoni, siku ya Jumatatu."

Mama Bei hakujua aangalie wapi. Akaangalia gari lake, kana kwamba ndilo lililosema.

"Nilijaza kwa sababu ya safari ya mama," alisema. "Jumamosi gari lilikuwa kwa fundi."

"Ndiyo," alisema Tajiri, akitingisha kichwa kwa heshima kubwa. "Safari ya mama. Gari lilikuwa kwa fundi. Hata mahakamani tutasema hivyohivyo."

"Mimi sijakwambia kitu. Unanisikia? Sijakwambia kitu chochote."

"Hujaniambia kitu, na mimi sijasikia kitu." Uso wake ulibadilika, kicheko kikatoweka, na badala yake kikaja kitu kilichomuumiza dada yake kuliko kicheko. "Lakini nilijua siku moja utanikumbuka. Sikuwahi kukuomba, dada. Mungu anajua sikuwahi kukuomba."

Hapo ndipo Mama Bei alipouona mtego ulivyotegwa. Kila neno la kukana lilikuwa kwa Tajiri neno la kukubali. Angesema mara mia hakumpa ishara yoyote, mdogo wake angepepesa jicho mara mia. Lililobaki la kumtoa kwenye ndoto ile lilikuwa moja tu, kusema bei inashuka.

"Umelipa kwa kitu gani?" aliuliza.

"Hati ya nyumba iko kwa muuza jumla. Wiki mbili tu. Nikiuza kwa bei mpya nalipa, naichukua hati, na hii pampu kichaa naibadilisha."

Hati ya nyumba ya baba. Nyumba ambamo mama yao alikuwa wakati huo anakunja kanga zake. Mama Bei hakuhitaji karatasi kufanya hesabu hiyo. Aliijua bei ya kununulia ya leo na bei ya kuuzia ya kesho, alijua lori linabeba kiasi gani, na jibu lilikuja lenyewe kichwani kabla hajalitafuta. Faida ya miaka miwili isingetosha kuziba pengo lile. Kanuni ilikuwa wazi, tena aliiandika yeye: mafuta yaliyonunuliwa ghali kabla ya bei kushuka ni hasara ya mfanyabiashara, serikali hailipi, kwa kuwa bei inapopanda akiwa na mafuta ya bei nafuu hakuna anayemdai ile faida. Kanuni ya haki. Alikuwa ameitetea kwa sauti kali.

Akaingia ndani. Wifi yake akampa chai na kiti. Kiti alikikalia kwa muda wa kumeza mate, akainuka. Mama yao aliuliza kama huko hospitali kuna baridi, akajibu ndiyo, kisha akajibu hapana. Akaenda dirishani. Dereva alikuwa amechukua bomba nene la mpira, analikokota kuelekea kwenye tangi. Akarudi mezani, akakinyanyua kikombe, akakiweka chini bila kunywa, akakinyanyua tena.

Alijiambia hivi: nikimwambia lirudishe lori, dereva atasikia, maana kwa nini lirudishwe? Dereva ana simu. Kabla jua halijazama wauza jumla wote watajua, na usiku huu hakuna tone litakalonunuliwa, na kesho asubuhi pampu za nchi nzima zitakuwa zimekauka, na sisi tutakuwa barabarani na mama mwenye jicho bovu. Huo ulikuwa ukweli. Kumwaga mtama kwenye kuku wengi hakuna kurudi kuuokota. Lakini kulikuwa na ukweli mwingine chini ya huo, na aliujua. Aliogopa jela. Na chini ya hofu ya jela kulikuwa na ile miaka tisa. Alikuwa anaipenda. Hakutaka iishe kwenye kiwanja cha kituo cha pampu mbili, kwa ajili ya mtu anayesoma matangi ya magari kama watu wanaosoma viganja. Alimkasirikia mdogo wake, akajikasirikia mwenyewe, na miguu yake ilikuwa imekwisha kumtoa nje kabla hajaamua anakwenda kusema nini.

Bomba lilikuwa limeunganishwa. Tajiri alikuwa ameinama anakagua lakiri na dereva ameshika kishikio cha vali, anasubiri aambiwe.

"Kwa nini usingoje kesho?" alisema Mama Bei. Alijaribu kuisema kama mtu anayeuliza tu, kama dada mkubwa anayependa kuingilia mambo.

"Kesho?" Tajiri alicheka bila kugeuka. "Kesho si nitanunua kwa bei ya kesho?"

Kisha akageuka. Huenda ilikuwa sauti, huenda ulikuwa mkono wa dada yake uliokuwa unakunja na kukunjua ncha ya mtandio. Alimfahamu tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa wa dada huyohuyo. Tabasamu lake likapungua. Akaja karibu.

"Dada. Kuna kitu?"

Dereva naye aliinua macho. Alikuwa anamjua, bila shaka. Nani asiyemjua Mama Bei? Alikuwa ametulia kabisa, mkono wake bado kwenye vali.

Akijibu kuna, ametoa siri. Akinyamaza, Tajiri atakisoma kimya chake kama alivyolisoma tangi lake, na dereva atamsaidia kusoma. Hilo lilimpitia kichwani haraka na kwa uwazi mkubwa, kama hesabu nyingine zote alizowahi kufanya.

"Hakuna," alisema. "Nina haraka tu, giza lisitukute."

"Sawa dada." Tabasamu likarudi, na safari hii lilikuwa la mtu aliyepumzika. Akampungia dereva mkono. "Fungua."

Mafuta yakaanza kushuka. Ukiwa karibu unayasikia ndani ya bomba, yanakwenda kwa uzito, na ardhi chini ya viatu inatetemeka kidogo. Mama Bei alimshika mama yake mkono na kumpeleka garini, na alipoondoa gari alikaribia kuligonga la mteja.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Saa mbili asubuhi mama alikuwa ndani kwa madaktari, na binti yake alikuwa kwenye ukumbi wa kusubiri, anatembea kutoka mlango hadi mlango. Juu ya dirisha la dawa palikuwa na redio. Iliposoma bei, mzee mmoja aliyefungwa bandeji alipiga makofi, kisha wote wakapiga, na mfagiaji akasema, "Kumbe wana masikio." Mwanamke aliyekuja na wanawe wawili kwa basi alikuwa anahesabu kwa sauti nauli itakavyopungua. Mama Bei aliwaangalia. Hao ndio aliowapigia kelele miaka minne, na walikuwa na furaha ileile aliyoitaka kwao, na hakuweza kusimama nao. Alitoka nje akaizunguka hospitali nzima. Alitazama simu yake mara nyingi. Tajiri hakupiga.

Walipokuwa njiani kurudi, mama amefungwa jicho moja na la pili amelifumba, binti alishindwa kuvumilia. Alisema mwenyewe, bila kuulizwa. Alisema bei, alisema lori, alisema hati.

"Jana ulikuwa unajua?" aliuliza mama.

"Nilijua, mama."

"Wakati unakunywa chai ya wifi yako?"

"Nilijua. Sikuruhusiwa kusema. Nimeapa."

"Sikukuuliza kuhusu kiapo, kiapo ni kiapo." Mama alijiweka vizuri kwenye kiti. "Lakini nilikuwa dirishani, nikasikia. Alikuja akakuuliza kama kuna kitu. Si alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ungenyamaza, mwanangu. Ungenyamaza tu. Yule anakujua. Angeelewa mwenyewe, na wewe ungekuwa hujasema kitu."

Mama Bei alitaka kusema kwamba ndiyo maana hakunyamaza. Machozi yakamjia, akawa anaendesha kwa kuyapangusa kwa mkono mmoja, na mama hakumwambia pole.

Walifika saa kumi kasorobo. Foleni ilikuwa imeanzia pampuni na kutokea barabarani, pikipiki nyingi, magari machache, wanawake wenye vidumu vya mafuta ya taa, wote wakisubiri saa ya bei mpya. Waendesha pikipiki walipoliona gari lake walipiga honi. Mmoja alipaaza sauti, "Mama Bei, leo umetukumbuka!" Mama yake alishuka bila kungoja kushikwa mkono, akaenda ndani akipapasa ukuta.

Tajiri alikuwa juu ya ngazi, chini ya ubao wa bei. Sheria ilitaka bei mpya iwe ubaoni kabla ya saa kumi, na mwenye kuchelewa anatozwa faini. Kwapani alikuwa na kifurushi cha vibao vya tarakimu, na vile vya zamani alikuwa amekwisha kuving'oa, ubao ulikuwa mtupu. Alimwona dada yake akija. Hakuonekana amelia wala amekasirika. Alionekana mtu ambaye hajala.

"Mdogo wangu," alisema Mama Bei kutoka chini.

"Unayo hiyo karatasi ya bei?"

"Ninayo kwenye simu."

"Nisomee." Alichagua kibao, akakifuta kwa mkono wa shati. "Leo unaruhusiwa."

Alisema hivyo taratibu, bila kejeli, kama mtu anayekumbusha saa. Mama Bei alishika ngazi kwa mkono mmoja ili isiteleze na kwa mkono wa pili akainua simu. Namba alikuwa hahitaji kuisoma. Alikuwa amelala nayo siku mbili.

"Petroli," alisema. Akataja tarakimu ya kwanza kwa sauti ya chini.

"Sijasikia, dada. Sema kwa nguvu."

Akarudia kwa nguvu. Ikasikika mpaka barabarani, na watu wa foleni, ambao hawakuwa na kosa lolote, wakapiga makofi. Tajiri akakipachika kibao mahali pake, akakigongea kwa kiganja kishike vizuri, akanyoosha mkono kuchukua kingine.

"Haya," alisema. "Inayofuata."